Bima ya gari inalipa ukipata ajali Nürburgring? Bro anasema ile ni barabara ya umma

ChaliiWaSakina, Arusha

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya bima maana mimi na bro wangu tunabishana wasap wiki nzima na hakuna anayekubali kushindwa.

Iko hivi, bro anaishi Koblenz kule Ujerumani miaka mingi sasa, na mwezi wa saba Mungu akipenda naenda kumsalimia, viza imeshatoka. Kutoka kwake mpaka Nürburgring, ile njia ya mashindano ya magari, ni kama saa moja tu. Wapenzi wa magari mnaijua hii kitu, ile Nordschleife iliyofunguliwa 1927, kilomita 20 na ushee, kona zaidi ya 70, inapanda na kushuka msituni, ndiyo ile aliyoungulia dereva Niki Lauda 1976 na baada ya hapo Formula 1 haikurudi tena kwenye ile njia ndefu. Sasa siku ambazo hakuna mashindano wanafungua geti, mtu yeyote mwenye gari la kawaida lenye namba analipia tiketi ya raundi anaingia na gari lake. Nimeiota hii kitu tangu niko sekondari, sijui kama nitaipata nafasi nyingine.

Bro ana Golf GTI anaitunza kama yai na ana bima kubwa. Hoja yake ni kwamba ile kisheria inahesabika barabara ya kulipia ya njia moja, sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika mle ndani, kuovateki ni kushoto tu, kupima muda hakuruhusiwi, kwa hiyo haina tofauti na kwenda sokoni na bima inalipa kama kawaida. Mimi namwambia kaka haiwezekani, kampuni ya bima haiwezi kuona watu wanakula kona spidi 180 halafu ikakubali kirahisi hivyo.

Nani yuko sahihi? Na je ikiwa nimeshika usukani mimi na siyo yeye, kuna tofauti? Na la mwisho, hapa kwetu nina Forester ina bima kubwa, kuna washkaji tuna kagrupu ketu wanaongelea kuomba kibali tufunge kipande cha barabara siku ya Jumapili, kila mtu akimbie peke yake apimwe muda. Siyo kushindana gari kwa gari. Hapo bima yangu inasimama au imelala?

FundiWaUnga, Unga Limited

Chalii wangu mi sijui bima za Wazungu ila za hapa nimeshaona magari mangapi yanaletwa gereji kwa brekidauni, mwenye gari anajua analipiwa, asesa, yule mkaguzi wa bima, anakuja anazunguka gari anapiga picha anauliza maswali mawili matatu tu, ulikuwa wapi, saa ngapi, ulikuwa na nani, na hapo ndo klemu inapofia. Wasubirie wataalamu ila moyo wangu unaniambia bro wako amekosea. Nitarudi kwenye mambo ya breki maana hilo ndo naliweza.

Wakala_Mangi, Moshi

ChaliiWaSakina umeuliza vizuri, tena umeuliza kabla ya safari. Mimi nauza bima hapa Moshi muda mrefu, naanza na upande wa Tanzania halafu wa Ujerumani tuwaachie wanaoishi huko.

Kwanza tuelewane kwamba kwenye bima kubwa kuna vitu viwili vimefungwa pamoja na watu huwa wanavichanganya. Kuna ile ya mtu wa tatu, yaani tadi pati, ambayo sheria inakulazimisha, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto Sura ya 169, hiyo inamlinda yule utakayemgonga. Kwa gari binafsi ndiyo ile ya laki na kumi na nane mnayoijua, laki moja na VAT yake. Halafu kuna sehemu ya gari lako lenyewe, kwa magari binafsi wengi mnalipa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Hizi mbili ukiharibu mambo haziumii kwa namna moja.

Sasa kaa chini leo usiku chukua mkataba wako, siyo stika, siyo ile risiti ya kwenye simu, nasema mkataba wenyewe ule wa kurasa nyingi ambao ulipewa ukautupa kwenye droo. Fungua sehemu ya mambo ambayo kampuni hailipi. Karibu kila mkataba wa gari binafsi ninaouza mimi una mstari unaosema gari likitumika kwenye mashindano, rali, majaribio ya mwendo kasi au majaribio ya uimara wa gari, kampuni haiwajibiki. Angalia hapo kwenye majaribio ya mwendo kasi. Hakuna mahali pamesema lazima muwe magari mawili mnafukuzana. Mkifunga barabara, mtu amesimama na saa, wewe unakimbia kutoka alama moja mpaka nyingine, hilo ni jaribio la mwendo hata kama uko peke yako na Mungu wako. Kibali cha polisi kitawaondolea kosa la barabarani lakini hakirudishi bima iliyojiondoa, tena kile kibali chenyewe ndiyo kitakuwa ushahidi namba moja kwamba siku hiyo gari halikuwa kwenye matumizi uliyoyaandika kwenye fomu.

Kwa hiyo Forester ikipinduka, ni yako. Ikimgonga mtazamaji aliyesimama pembeni hapo ndo pabaya zaidi, kwa sababu sheria inataka yule aliyeumia alipwe, kampuni inaweza kulazimika kumlipa halafu ikageuka kukudai wewe kila shilingi kwa kuwa ulivunja masharti. Nimeona familia inauza kiwanja kwa deni la namna hiyo na wala haikuwa mashindano, ilikuwa gari binafsi limebeba abiria wa nauli.

Ushauri wangu, msiombe kibali kabla ya kuongea na kampuni kuhusu bima ya tukio. Ipo, inauzwa kwa siku, inalinda waandaaji na watazamaji, ila gari lako lenyewe usitegemee. Na ukipewa jibu na afisa yeyote, mwambie akuandikie kwa barua pepe. Maneno ya mezani siku ya klemu hayasomeki.

MamaKibosho_Köln

Wakala_Mangi nakushukuru umenipa nafasi. Mimi ni wa Kibosho lakini nipo Köln, mume wangu ni mgonjwa wa magari kwa hiyo ile Nordschleife naijua mpaka harufu ya breki zake. Mdogo wangu wa Sakina ngoja nikueleze maana hapa wewe na kaka yako kila mmoja ameshika nusu.

Kaka yako yuko sahihi kwamba siku za watalii, wenyewe wanaziita Touristenfahrten, sheria za barabarani zinatumika. Kweli kabisa. Gari lazima liwe na namba na liwe halali kutembea barabarani, kuovateki ni kushoto, kupima muda marufuku. Na kwa sababu hiyo ile bima ya lazima, tadi pati ya hapa, kwa kawaida inabaki hai. Sheria ya Ujerumani inairuhusu kampuni kujitoa kwenye tadi pati pale panapokuwa na tukio la michezo ya magari, kama mashindano na mazoezi yake. Siku ya watalii siyo tukio hilo. Ukiigonga gari ya mbele, kampuni ya kaka yako italipa.

Lakini hiyo ndo nusu yake. Nusu ya pili ni kasko, bima ya gari lenyewe. Zamani mikataba ilikuwa inasema tu kwamba hailipi kwenye mashindano ya kutafuta mwendo wa juu, na watu walikuwa wanaenda mahakamani wanasema mimi sikuwa kwenye mashindano, nilikuwa natembea tu, wengine wakashinda. Kampuni zikachoka. Siku hizi mikataba mingi imeongezewa sentensi kwamba hawalipi safari yoyote kwenye njia za mashindano hata kama hakuna anayetafuta mwendo, na wengine wameandika neno lenyewe kabisa, Touristenfahrten. Wanachobakiza ni mafunzo ya usalama barabarani. Kwa hiyo hoja kwamba ile ni barabara ya umma haimsaidii kitu kwenye kasko, kwa sababu mkataba hauulizi barabara ni ya nani, unauliza gari lilikuwa wapi. Kuna kampuni chache bado zinalipa, ndiyo maana siwezi kukuambia hapana moja kwa moja. Kaka yako afungue karatasi zake, kama zina mstari huo biashara imeisha, kama hazina aandike barua pepe aulize na atunze jibu.

Sasa swali lako la nani ameshika usukani, hapo ndo pana mtego ambao watu hawauoni. Gari ni la kaka yako, wewe ndiye dereva. Ukiliharibu, tadi pati yake haiwezi kumlipa yeye gari lake mwenyewe, kwa sababu mwenye bima halipwi mali yake kupitia bima ya kuwalipa wengine. Akiumia mwili akiwa abiria wako hiyo ni habari nyingine, analipwa. Ila Golf yenyewe kama kasko imejitoa ni wewe na yeye, undugu wenu na pochi zenu. Halafu mikataba mingi ya hapa inataja madereva, umri wao, wengine ni mke na mume tu. Mgeni akiendesha bila kampuni kuambiwa wanaweza kudai ada ya nyongeza na faini. Kumuongeza mgeni kwa siku chache ni rahisi, simu moja tu, ila lazima ipigwe kabla.

Na mdogo wangu hujauliza kuhusu vyuma vya pembeni, zile kingo za chuma zinazozuia gari lisitoke njiani. Hili ndo linawaliza watu kuliko gari. Niliona kijana mmoja mbele yetu gari lilimponyoka kwenye unyevunyevu, akafuta vyuma kwa ubavu, gari halikuwa hata limepondeka sana, limechubuka mlango na taa ya nyuma. Gari la usalama likaja linawaka taa, jamaa wakashuka na kamera na kalamu, wanatembea kando ya vyuma wanahesabu kipande kwa kipande na nguzo kwa nguzo, wanaandika. Baadaye anapata bili: vyuma, nguzo, fundi wa kuvifunga, gari la usalama, la kuvuta, na kama njia ilifungwa watu wakasubiri, hiyo nayo ina bei yake. Tadi pati inaweza kulipa vyuma kwa sababu ni mali ya mtu mwingine, lakini daraja la bima la kaka yako linaporomoka na ada inapanda kwa miaka. Na kama gari lilimwaga oili na watatu nyuma yako wakateleza, wote hao ni wa kwako.

Dr_wa_Kona, Njiro

Mbona mnamtisha mtoto wa watu jamani. Watu wanaenda pale kila siku na wanarudi salama. Na kampuni ya bima itajuaje alikuwa wapi? Akipata ajali wanalivuta gari mpaka barabara ya kijijini nje ya geti, anapiga simu kutoka pale, kwisha.

MamaKibosho_Köln

Dr_wa_Kona kaka yangu hapana, hilo usimfundishe. Huo ni udanganyifu wa bima na huku unaweza kufungwa jela, na yeye yuko kwenye viza ya kutembelea. Tena haiwezekani hata kwa akili ya kawaida. Tiketi yake ipo kwenye kompyuta ya geti na saa aliyoingia, kamera zipo, pembeni kuna watu wamejaa na simu wanarekodi kila gari na kupandisha mtandaoni kabla mwenye gari hajafika nyumbani, na rangi ya vyuma imebaki kwenye mlango. Asesa wa huku analijua hilo eneo vizuri kuliko sisi.

Wakala_Mangi, Moshi

Naunga mkono dada. Na kwa hapa kwetu ni vilevile, ukidanganya mahali pa ajali umeua klemu nzima hata ile sehemu ambayo ungelipwa kihalali. Klemu nyingi zinazokataliwa mkononi kwangu hazikataliwi kwa sababu ya ajali, zinakataliwa kwa sababu ya hadithi iliyotengenezwa baada ya ajali. Mteja akiniambia ukweli mchungu nina pa kuanzia, na tukikataliwa isivyo haki kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, unapeleka malalamiko bila wakili. Lakini siwezi kumpeleka pale mtu aliyesogeza gari.

Chalii kitu kingine, ile bima ya safari uliyokatia viza, ile ya euro elfu 30 ya matibabu wanayoitaka Schengen, nayo isome. Nyingi zina orodha ya michezo ya hatari na magari ya mbio yamo. Ukivunjika mguu pale Nürburg na bima yako ikasema huo ulikuwa mchezo wa hatari, bili ya hospitali ya Ujerumani hutaiweza wewe wala kaka yako. Piga simu kwa waliokuuzia uulize swali hilohilo kwa maneno hayohayo, kuendesha gari siku ya watalii kwenye Nordschleife, msiseme kutembeatembea.

NamangaExpress, Arusha

Mada nzuri sana hii, nimejifunza. Niongezee la jirani maana kuna watu wa hapa Arusha huwa tunavuka kwenda Naivasha kuangalia Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, na huwa nashangaa watu wanavuka Namanga na kadi ya njano ya COMESA wanajiona wamemaliza. Ile kadi ni ya mtu wa tatu, inakusaidia ukimgonga Mkenya, gari lako lenyewe haiko kazini kwake. Kama unataka bima yako kubwa ikufuate Kenya ni lazima uwaambie waiongezee eneo kabla hujaondoka, wanaandika karatasi nyingine.

Na kuna kitu nilijifunza pale Naivasha kinajibu swali la bro wako moja kwa moja. Yale magari ya rali yana sehemu mbili za siku. Kuna kipande kilichofungwa, pale wanakimbia kwa saa. Halafu kuna kutoka kipande kimoja kwenda kingine, pale wapo kwenye barabara ya kawaida na sisi wenye Probox, wana namba, wanafuata taa na matuta, polisi anawasimamisha kama mtu mwingine. Gari lilelile, dereva yuleyule, asubuhi hiyohiyo, lakini bima inayomlinda dereva kwenye kipande siyo ile inayomlinda akiwa nyuma ya lori la vitunguu. Kwa hiyo kusema barabara ni ya umma haitoshi kabisa. Hata barabara ya vumbi ya umma ikifungwa kwa saa mbili kwa ajili ya mbio, kwa zile saa mbili imekuwa kitu kingine.

Dr_wa_Kona, Njiro

Sawa nimewaelewa, hilo la kusogeza gari nalifuta. Ila naomba kuuliza kwa heshima, kama kasko haipo si akodi gari tu? Mambo ya Golf ya bro yaishe.

MamaKibosho_Köln

Hapo umesema jambo. Ila siyo gari la kukodi la kawaida la pale airport, hao mkataba wao unakataza njia za mashindano waziwazi, na ukiharibu unalipa gari lote na wengine wanakuweka kwenye orodha yao nyeusi. Pale kijijini Nürburg na vijiji vya jirani kuna kampuni za kukodisha magari yaliyoandaliwa kwa ile njia, viti vya kukubana, breki za maana, vyuma vya kulinda kichwa. Ni ghali kwa raundi, ndiyo, lakini mkataba wake unasema kabisa ukipiga unalipa mpaka kiasi fulani na zaidi ya hapo ni juu yao. Hicho kiasi siyo kidogo, ni maelfu ya euro, kwa hiyo usiingie kama huna uwezo wa kukipoteza. Uliza pia vyuma vya pembeni vimo kwenye hicho kiasi au vinakuja peke yake, maana kampuni moja siyo kama nyingine. Watakuangalia na leseni, njoo nayo na tafsiri yake ya Kijerumani.

FundiWaUnga, Unga Limited

Nimerudi kama nilivyoahidi. Bima ni nzuri ila bora zaidi usiihitaji. Bwana mdogo kama mwisho wa siku mtaingia na Golf, mwambie bro abadilishe mafuta ya breki kabla, siyo kuongezea, kubadilisha, yote. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, yakikaa miaka miwili mitatu yanachemka mapema, na ile njia ina sehemu nyingi za kushuka na kukanyaga, kushuka na kukanyaga, breki zinapata joto kali. Yakichemka unakanyaga pedali inaenda mpaka chini kwenye kapeti kama unakanyaga sifongo na gari haliulizi. Mtu wa mjini hajawahi kuliona hilo kwa sababu breki za mjini hazipati joto hilo. Hata kushuka na lori mlima wa Kitonga dereva anayejua anashuka na gia, hapandi juu ya breki.

Pad ziwe na nyama zaidi ya nusu. Tairi angalia tarehe ubavuni, zile namba nne, wiki na mwaka, tairi la miaka minane hata kama lina kashata halishiki. Upepo upimwe tairi likiwa baridi na baada ya raundi moja upimwe tena maana unapanda. Toa kila kitu kinachozunguka ndani, jeki, chupa za maji, kiti cha mtoto. Na ukimaliza raundi usivute handibreki palepale diski zikiwa nyekundu, tembeza gari taratibu barabara ya nje dakika kumi zipoe.

Na raundi ya kwanza nenda taratibu shika kulia, angalia kioo cha nyuma kila mara, mwenye haraka apite. Nasema hivi kwa upendo, wewe hujawahi kuendesha upande ule wa barabara. Sisi tunakaa kushoto, kule ni kulia, na mtu akishtuka mwili unarudi ulikozoea.

Mzee_wa_Tengeru

Wanangu nimewasoma wote. Hilo la mwisho la fundi ni zito kuliko bima zote mlizozitaja. Kijana zunguka kwanza barabara za kawaida siku tatu nne na kaka yako akiwa pembeni kabla hujafika kwenye hilo geti.

ChaliiWaSakina, Arusha

Wakuu, dada wa Köln, mzee wangu, fundi, asanteni sana sana, nimeprinti huu uzi wote. Narudi na majibu.

Bro amefungua mkataba wake juzi, akanipigia video akanionyesha. Dada MamaKibosho ni kama ulikuwa unausoma wewe. Kwenye kasko kuna ule mstari, umeandikwa kabisa kwamba safari kwenye njia za mashindano hazilipwi hata zile za watalii, isipokuwa mafunzo ya usalama. Akaandika barua pepe kwa kampuni yake vilevile, wakamjibu siku ya pili: tadi pati iko, kasko haiko, na dereva mgeni lazima asajiliwe. Bro alinyamaza kidogo halafu akaniambia kumbe miaka yote hii alikuwa anaingia mle bila bima ya gari. Sikumwongezea neno, ni kaka yangu mkubwa.

Kwa hiyo tumekubaliana, Golf inatupeleka mpaka parking na inabaki hapo. Mimi nakodi moja ya yale magari ya pale kijijini, raundi mbili, nimeshawaandikia kuuliza kiasi cha kulipa ukipiga na kama vyuma vimo ndani yake. Bima ya safari nimewapigia, wamesema wanarudi kwangu kwa maandishi, bado nasubiri. Na bro amenisajili kama dereva kwenye Golf kwa wiki zile ili nizoee upande wa kulia, barabara za kawaida tu.

Ile ya Jumapili na grupu nimewapelekea maneno ya Wakala_Mangi, wawili wamekasirika, wengine wameenda kutafuta mikataba yao kwenye droo. Mangi naomba nikutumie PM, tunataka kujua hiyo bima ya tukio inaanzia bei gani kwa watu kumi na watazamaji, na kama anayepima muda naye anahesabiwa.

Wakala_Mangi, Moshi

Tuma tu. Niandikie urefu wa kipande, kipo wapi, nyumba zilizo karibu, watazamaji watasimama wapi, na nani atakuwa na gari la wagonjwa. Anayepima muda anahesabiwa, na yeye ndiye huwa anasimama karibu kuliko wote.